Deki saluni ya mtumba futi 42: tathmini yangu baada ya mwaka mmoja, kutoka Moshi

Aisee nianze na jina, maana jina limetuletea maneno kuliko hata bei. Nilipomwambia dada yangu kwamba mimi na shemeji na chalii mmoja wa Arusha tunanunua deki saluni, akauliza kati yenu watatu nani anajua kusuka. Nikamwambia siyo ya nywele dada, ni boti, ya matanga. Akakaa kimya kidogo akasema bora ingekuwa ya nywele.

Kwa ambaye hajawahi kuingia: boti nyingi za matanga za faiba ukishuka ndani unashuka kweli, ngazi tano sita, unakuta sebule iko chini kama ghala la kahawa, ukikaa unaona mbao tu na miguu ya waliobaki juu. Deki saluni wameinua sakafu ya sebule wakaizungushia vioo vikubwa, kwa hiyo umekaa kwenye kochi na chai yako unaiona bahari pande zote bila kuinuka, na chini ya ile sakafu ndiko wanakoficha matenki ya maji, dizeli na injini. Oyster na Moody wa Uingereza wametengeneza za hivyo, Nauticat wa Ufini, Jeanneau wa Ufaransa walikuwa na zile zenye herufi DS mwisho wa jina, na wengine. Ya kwetu ni ya Ulaya, ya 2006, futi 42, jina la kiwanda silitaji kwa sababu mabaya mengi nitakayosema ni ya uzee na matunzo, siyo ya aliyeitengeneza.

Sasa watu wa Moshi na boti wapi na wapi. Mimi ni mtoto wa Old Moshi, maji niliyokulia ni ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, mvua ikizidi sana yanafika magotini. Uzoefu wangu wote wa chombo ulikuwa mtumbwi pale bwawa la Nyumba ya Mungu, na hapo nilikuwa abiria. Ila kazi yetu ni wageni, wanashuka mlimani wamechoka siku ya saba au ya nane, vidole vimechubuka, wote wanataka bahari, na sisi miaka yote tunawapandisha ndege ya Zanzibar hela inaishia kwa mwingine. Chalii wa Arusha ndiye aliyesema kwa nini tusiwe na kitu chetu Tanga, wageni washuke na gari wakalale majini siku nne, wavuke Pemba, warudi. Shemeji yeye alitaka Land Cruiser ya pili. Tulibishana miezi miwili.

Boti tuliipata kwa dalali. Picha alizotuma zilikuwa safi mno, mbao zinang'aa, mito meupe, bakuli la matunda mezani, na mimi kama mjinga sikujiuliza hilo bakuli la zabibu nyekundu lilipigwa picha Tanga sehemu gani. Zilikuwa picha za boti ikiwa mpya. Tukatoka Moshi saa 10 alfajiri, Same chai, Segera tukakata kushoto, saa 5 tuko Raskazone tunaangalia maji na boti yenyewe imetia nanga, kwa mbali inapendeza. Wenyewe ni wazee wawili wazungu, mume na mke, walikuwa wamezunguka nayo Bahari ya Hindi miaka mingi hadi magoti ya bibi yakagoma kupanda ngazi. Watu wazuri sana. Walitupa kahawa, wakatuonyesha kila kabati.

Harufu ndani: dizeli, ukungu, na kitunguu. Mito siyo meupe tena. Lakini shemeji, yule yule wa Land Cruiser, aliketi sebuleni, akageuza shingo kushoto akaona kisiwa cha Toten, kulia akaona ngalawa inapita na tanga lake la viraka, akasema neno moja tu, "hapa." Nikajua bei imeshapanda. Vile vioo ndivyo vinavyouza hizi boti, ukikaa pale akili inatoka, unasahau kuuliza maswali yote uliyoandika kwenye simu. Kama unaenda kuangalia deki saluni nenda na mtu mmoja asiyependa bahari, akae nje.

Dalali alituambia hamna haja ya saveya, yaani mkaguzi wa boti, boti ni kama mpya, wenyewe wazee waaminifu, mkichelewa kuna Msauzi anakuja wiki ijayo. Huyo Msauzi sijui kama alizaliwa. Jambo ambalo sikulijua wakati ule ni kwamba kwenye biashara hii kamisheni ya dalali, mara nyingi kama asilimia 10, inalipwa na muuzaji, kwa hiyo hata akikuchekea vipi, yeye ni mtu wa upande ule. Nampa nyota mbili, moja ya kupokea simu haraka na nyingine ya kahawa, ingawa kahawa ilikuwa ya wazee.

Sisi wa Moshi mtumba tunaujua. Kiboriloni au pale Memorial hununui suruali bila kuigeuza nje ndani, kuangalia mapajani, kuvuta zipu mara tatu, na ile ni shilingi elfu nane. Hii ilikuwa inauzwa dola 79,000. Tukatafuta saveya wenyewe, siyo wa dalali, akaja baba mmoja mtu mzima kutoka Mombasa, analipwa kwa futi, dola 22 kila futi, piga kwa 42 ni 924, na nauli na malazi juu yetu. Shemeji akasema hiyo ni hela ya kumuangalia mtu akigonga boti kwa nyundo. Ni kweli kabisa, ndicho tulicholipia, na katika hela zote zilizotoka hiyo ndiyo ningeilipa tena kesho bila kufikiria.

Tanga pale hatukuwa na mtambo wa kuinyanyua, kwa hiyo tulifanya kama wenye majahazi wanavyofanya tangu enzi, tukaipweleza. Unasubiri bamvua, siku zile za mwezi mchanga au mwezi mpevu ambapo maji yanapanda na kushuka kupita kiasi, Tanga tofauti inapita mita tatu. Mkuku wa boti yetu, yaani ule uti wa chini tumboni, ni mfupi, mita 1.6 kwenda chini, hiyo ilikuwa bahati. Maji yanajaa kama saa 10 na yanakauka kama saa 4, kwa hiyo alfajiri gizani tukaisogeza kwenye mchanga mgumu, vijana wa pale wakafunga boriti nne ubavuni, mbili kila upande, wakaweka magunia ili faiba isichubuke, halafu tukakaa tunasubiri bahari iondoke chini ya dola 79,000 za watu. Mkuku ulipogusa mchanga ilitoa sauti nzito, kuuu, vikombe vikagongana kabatini, na yule bibi akamshika mumewe mkono. Boriti zikalia kidogo. Kisha kimya. Saa 3 na nusu tunatembea chini ya boti yetu (haikuwa yetu bado) na ndala, kaa wanakimbia.

Yule baba akavua viatu akaanza omo (mbele) akienda tezi (nyuma), anagonga kwa nyundo ndogo ya plastiki, sikio karibu, kama mama anayechagua fenesi sokoni. Faiba nzima inalia ko, ko, ko. Ikiwa imeloa au imeachana ndani inalia bu. Tulisikia ko nyingi sana, mimi nikaanza kutabasamu. Chini ya mstari wa maji kulikuwa na malengelenge madogo, mengine sawa na punje ya mahindi, akatoboa moja likatoka tone la maji lenye harufu kali kama siki, akasema haya ni ya umri, hayazamishi boti, yatakaushwa na kujazwa siku mkiipiga rangi. Vijana wa majahazi walikuwa wanacheka, wao wanapaka deheni, mafuta ya papa na chokaa, sisi tutapaka kopo moja la rangi kwa bei ya ng'ombe.

Halafu akaingia ndani na hapo tabasamu likakata. Kuna valvu zinazofunga matundu yaliyotobolewa kwenye tumbo la boti, ya choo, ya sinki, ya kupoza injini. Mbili zilikuwa zimegeuka rangi ya waridi. Shaba nyeupe ya bei rahisi ikikaa kwenye maji ya chumvi zinki inayeyuka inatoka, inabaki shaba nyekundu laini kama biskuti iliyolowa. Akaniambia shika, geuza. Nikageuza na mkono tu, wala sikukaza, mpini ukabaki mkononi mwangu. Nilitoka jasho. Hiyo ingekatika tukiwa majini ni tundu la inchi moja na nusu wazi, na wageni wamelala.

Cha pili, injini yake haina shafti ndefu, ina mguu unaotokea chini kwenye tumbo, na pale unapopita kuna mpira mkubwa wa duara unaozuia bahari isiingie. Watengenezaji wanatoa muda wa kuubadilisha, Volvo Penta kwa mfano wanasema kila miaka 7. Yule mzee mwenye boti alikuwa na daftari, na nilisifu sana hilo daftari, kila oili aliyomwaga tangu 2006 ameiandika na tarehe na masaa ya injini, hadi siku aliyobadilisha balbu ya choo. Mpira huo haumo. Saveya akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, akafika mwisho, akafunga daftari taratibu.

Cha tatu nyaya za mlingoti. Hizi ndizo zinazoshikilia mlingoti usidondoke, kila waya umesokotwa nyuzi 19 za chuma kisichoshika kutu. Akachukua karatasi laini ya chooni akaipitisha kwenye waya kuanzia chini, ikanasa. Uzi mmoja umekatika pale pale unapoingia kwenye kikombe cha chini, jicho huwezi kuona. Bima nyingi zinataka nyaya zibadilishwe kwenye miaka 10 hivi, hizi zilikuwa na umri wa mtoto wa form four.

Na vioo. Mwezi wa pili ni kiangazi, sisi tulikuta ndani pakavu kabisa, tungeapa kwamba haivuji. Yeye akasema leteni ndoo. Tukamwaga maji ya bahari juu ya vioo kwa nguvu, ndoo ya kwanza hamna kitu, ya pili hamna, ya sita likaonekana tone kwenye kona ya chini ya kioo cha kulia, likajaza tumbo lake polepole, likadondoka juu ya mto, palepale shemeji alipokaa siku ile. Vile siyo vioo vya kweli, ni plastiki nene ya milimita 10, jua limeitafuna imejaa nyufa ndogo ndogo kama uso wa sahani ya zamani, na gundi imekauka. Tukawa tunamtetea muuzaji sasa, unajua, jamani ni kona moja tu, na mandhari yake je. Yule baba akajifuta mikono akatuangalia wote watatu akasema, "Nyinyi watu wa bara, mwanunua chombo au mwanunua dirisha?"

Aisee.

Saa 6 maji yakaanza kurudi, nusu ya kazi ilimaliziwa boti inaelea. Injini yenyewe, Yanmar, masaa 3,400, iliwaka kwa mshindo wa kwanza ikiwa baridi, moshi mweupe dakika moja ukaisha, hapo nampa yule mzee heshima yake na daftari lake. Ripoti ilikuja kurasa 31 na picha. Tukampelekea mwenye boti wala hatukuongea sana, tukamwachia asome. Alipofika kwenye ule mpira alivua miwani, akasema kwa Kiingereza cha kwao kwamba huo aliusahau miaka yote. Tukataja 58, tukafunga 61,500. Kwa hiyo gharama ya saveya, dola 924 na nauli yake, ilitupunguzia 17,500, na dalali akaninunia wiki nzima.

Makaratasi sitayamaliza hapa ila mambo mawili. La kwanza boti ina namba kama chesisi, kwa boti za Ulaya inachongwa nyuma upande wa kulia, herufi na tarakimu 14, mbili za mwanzo ni nchi ilikotengenezwa, FR Ufaransa, GB Uingereza, linganisha na hati kabla hujatoa hata senti. La pili, na hili dalali alituambia "siyo ishu", boti ya mgeni anayepita na safari zake inakaa nchini kwa kibali cha muda, ushuru haijalipa. Mtanzania ukiinunua ikabaki, umeiingiza nchini. Hamna tofauti na ule mchezo wa gari la namba ya Zanzibar ukilileta bara. Kuna ushuru wa forodha, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru. Tulikuwa hatujaiweka kwenye hesabu. Hapo ndipo shemeji alitaja Land Cruiser tena, na safari hii nilikuwa sina jibu. Ukimaliza TRA, wale wa mapato, unaenda TASAC, wanaosimamia vyombo vya majini huku bara, wakague chombo, wakupe leseni, na kama utakuwa unaingia Pemba na Unguja na abiria ujue kule wana mamlaka yao ya vyombo vya baharini, ZMA.

Ah na hisa. Boti ilikuwa na usajili wa Uingereza, na kwa sheria yao ya zamani sana chombo kinagawanywa hisa 64. Sitini na nne. Sisi tuko watatu. 64 kwa 3 haigawanyiki, unapata 21, 21, na 22. Jamani, watu waliochanga mamilioni bila kugombana waligombana jioni nzima juu ya hisa moja, kwenye kiti moto pale Moshi, mpaka mwenye baa akauliza ni shamba la wapi. Hisa ya 22 anayo shemeji, kwa sababu mkewe ni dada yangu na nisingelala.

Matengenezo sasa, na hapa ndipo kuishi kaskazini kulitusaidia bila kutegemea. Nyaya na valvu tuliagiza nje, valvu za shaba nzuri ya baharini, mpira ulikuja na fundi wa injini kutoka Dar. Lakini vioo, chalii alivibandua vile vya zamani akavipakia kwenye Noah mpaka Arusha, kule Unga Ltd kuna mafundi wanaokata plastiki nene kwa ajili ya gari za safari, wakavitumia kama kipimo wakakata vipya, ukingo umelainishwa safi, huwezi amini. Kosa likawa letu wenyewe. Tulivibandika kwa gundi ya vioo vya gari, kwa sababu fundi alikuwa nayo na tulikuwa na haraka. Ile gundi jua linaikula pale ukingoni ikiwa wazi, na plastiki inatanuka kwa joto kuliko kioo, baada ya miezi michache, masika, tone likarudi kona ile ile ya kulia. Nusu nilie. Tukavitoa tena, tukaagiza gundi ya silikoni ile wanayobandikia vioo vya maghorofa, tukaacha nafasi ya milimita tano chini ya kila kioo ili gundi iwe nene iweze kuvutika, na mvua zote zilizofuata pamekauka. Vioo: kazi ya fundi nyota tano, kazi yetu ya kwanza sifuri.

Mito alitengeneza fundi wa siti wa Arusha aliyezoea siti za Land Cruiser. Akatuwekea leza, ile ngozi ya siti, ya rangi ya maziwa, nzuri, inafutika. Siku ya kwanza mgeni mmoja alikaa na kaptula sebuleni saa 7 mchana, aliposimama ilitoka sauti kama plasta inabanduliwa. Tukarudisha. Yule fundi hakubisha, akavua leza yote akavalisha kitambaa cha turubai laini kwa nusu bei, huyo nampa tano na soda. Na turubai ndiyo imeokoa boti yenyewe, maana hakuna aliyetuambia kabla kwamba hizi deki saluni zimebuniwa na watu wa baridi. Kule kwao jua kuingia ndani ni zawadi. Tanga mwezi wa pili na vioo pande zote ni tanuri la mkaa, tulipima nyuzi 39 ndani, siagi ikawa mafuta ya kula. Kuna washonaji wa mahema ya kambi Arusha, mmoja akatushonea vifuniko vya nje vya wavu mzito kwa kila dirisha, unaona nje ila jua linakatwa, na kivuli kikubwa cha sehemu ya usukani. Ikashuka hadi 32. Kama unanunua hii boti ukanda wetu, hesabu turubai kama sehemu ya bei, siyo urembo.

Inavyokwenda? Nahodha wetu ni mtu wa Tanga, kaanzia kwenye mashua, mwanzoni alikuwa anaangalia tanga kubwa linavyojikunja ndani ya mlingoti kama pazia la duka anasikitika, sasa anasema kwa uzee wake limemfaa. Kwenye upepo wa kusi wa wastani tunavuka kwenda Wete, maili 35 na kitu za bahari, knoti sita na nusu mpaka saba, yaani maili hizo kwa saa. Mkondo kwenye ule mlango wa Pemba unapanda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unakazana, kwa hiyo yeye anaelekeza omo kusini kabisa mwa tunakokwenda, mgeni anaona tunapotea, baadaye kisiwa kinakuja chenyewe mahali pake. Mara ya kwanza nilimuuliza mara tatu kama ana uhakika. Hakunijibu.

Kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, siyo nzuri, sema ukweli. Mkuku mfupi, nyumba juu ni ndefu, upepo unaisukuma pembeni, jahazi linakupita huku nahodha wake anapiga soga. Hata kwenye nanga inayumba huku na huku usiku kama ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu. Ukikaa kwenye usukani huoni omo sababu ya paa la sebule, lazima usimame, na mgongo wangu siku hizi unajua hivyo. Kwa injini inakula kama lita nne kwa saa ikienda knoti sita, tumezoea magari yanayokunywa zaidi.

Lakini jiko. Jiko lake linaning'inia kwenye vikono viwili, boti ikilala upande lenyewe linabaki limesimama. Siku moja tuko katikati ya mlango wa Pemba, chombo kimelala, kila kisichofungwa kiko sakafuni, mimi nimejibana kwenye kona na magoti, sufuria ya mtori iko mbele yangu imetulia kabisa, uso wake hauchezi, na dirishani juu ya sufuria bahari inapita imeinama. Nilisahau kukoroga, ukashika chini. Wageni walikula wote.

Jumla mpaka leo, boti, ushuru na matengenezo, tumepita dola 95,000 na bado paneli za sola. Wageni tumepeleka makundi tisa. Boti naipa nyota nne, ya tano imekatwa na joto na joshi. Kwa familia au wageni wanaotaka kukaa ndani na kuona, ipo vizuri. Kwa mtu anayependa mbio za matanga, akatafute ya chini yenye mkuku mrefu, hii itamchosha roho.

Mwezi wa 12 tulimpeleka mama. Hajawahi kupanda chombo maisha yake, kutoka ufukweni na kimtumbwi cha mpira alishika shingo yangu akinong'ona sala za Kilutheri kwa Kichaga. Tukampandisha, tukamshusha zile ngazi tatu tu za sebule, akakaa kwenye mto wa turubai, mkoba mapajani. Akaangalia dirisha la kulia, akaangalia la kushoto, mitumbwi inarudi na samaki, hakuinuka na hakusema kitu karibu nusu saa. Halafu akauliza usiku hii nyumba mnafungia wapi kufuli.